Wakili Mwakitalima na Ungamo la Mtera

Walimu wa vyuo vya Dodoma walikuwa na lalamiko lao la siku nyingi juu ya Wakili Ulimboka Mwakitalima. Siku ambayo angesimama Mahakama Kuu kumhoji shahidi, madarasa yao yalipwaya. Wanafunzi wa biashara, wa mipango, hata wale wa madini ambao sheria haikuwahusu ndewe wala sikio, walijipenyeza kwenye mabenchi ya nyuma ya mahakama na madaftari mapajani, wamsikilize mtu mmoja mrefu, mwembamba, mwenye joho lililopauka mabegani, akiuliza maswali kwa sauti ya mgeni anayeulizia njia. Hakuwahi kufoka. Shahidi mwongo alimwona mpole, akajiachia, na alipokuja kuzinduka alikuwa amekwisha kujifunga kamba mwenyewe.

Evelina Chilongani alikuwa amemwona akifanya hivyo kwa miaka kumi na mitatu. Yeye ndiye karani wake, tangu siku ile ya mwaka 1981 Mwakitalima alipoacha uwakili wa serikali na kupanga vyumba viwili kule Uhindini, juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Wakili alikuwa mtu wa Tukuyu, ambako mvua haiombwi, akaletwa Dodoma kikazi baada ya serikali kutangaza kuhamishia makao yake huku. Wenzake wengi walihesabu siku za kurudi Dar es Salaam. Yeye alibaki. Wiki ya kwanza ya ofisi yao mpya alimwambia Evelina, "Mama Aneth, wewe ni Mgogo wa Mvumi. Nifundishe Kigogo."

"Cha kusalimia?"

"Cha kugombana na cha kulia."

Alikuwa mwanafunzi mzito. Mwaka mzima wateja waliotoka vijijini walimcheka mpaka wakashika mbavu. Lakini mwaka wa nne alikuwa anataniana na wazee wa mnadani, na mfugaji aliyepanda zile ngazi kwa woga alipokewa kwa salamu ya Kigogo, "mbukwenyi", ya kutoka moyoni, akaketi, akasema shida yake bila mkalimani. Jambo hilo peke yake lilimpa jina kuanzia Bahi mpaka Mpwapwa. Jambo la pili lililompa jina ni miguu yake. Hakuna kesi ya mauaji aliyoitetea bila kwenda kwanza mahali lilipotokea tukio. "Kesi haikai mahakamani," alikuwa akimwambia Evelina huku akijaza maji kwenye chupa ya safari. "Huku inakuja kutembea tu."

Ndivyo walivyokwenda Mtera mwanzoni mwa mwaka 1994, kwa basi la Iringa, kwa ajili ya Bi Emilia.

Bi Emilia alikuwa mama aliyeanza kuzeeka, mjane, aliyepika ugali na samaki kwenye banda la makuti mahali mitumbwi inapoegeshwa, kando ya bwawa. Miaka ile ya ruksa, serikali ilipolegeza masharti, biashara ya samaki ilikuwa imefunguka. Malori yalikuja kutoka kila upande, na wachuuzi wa makabila yote walikula kwake. Siku moja dereva wa mchuuzi mmoja aitwaye Bartolomayo alirudisha lori nyuma bila kutazama, akaponda vyungu vyake vitano. Bi Emilia alimrukia Bartolomayo kwa maneno makali mbele ya watu. Kesho yake mchana Bartolomayo alikula kwake, akainuka, akashika tumbo, akaanguka. Alifia kwenye zahanati kabla jua halijazama. Ndugu zake wakamchukua wakaenda kumzika kwao. Mganga wa zahanati aliandika kwenye fomu: "inadhaniwa ni sumu." Hakuchukua kipimo chochote.

Kwa kudhani hakuna mtu anyongwaye. Ila baada ya siku tatu kwenye kituo kimoja kidogo cha polisi, Bi Emilia alitolewa akiwa na karatasi yenye dole gumba lake, na karatasi hiyo ilisema ameungama. Alikaa mahabusu miaka miwili akisubiri kesi. Hakuwa na uwezo wa kutafuta wakili, kwa hiyo mahakama ilimteulia Mwakitalima.

"Mwanangu," alimwambia wakili kwa Kigogo siku ya kwanza walipoonana naye gerezani, "kwenye hiyo karatasi nimesema nini?"

Wakili alimsomea. Bi Emilia alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Huyo anayesema hivyo ni nani?"

*

Siku ya Alhamisi kabla ya kesi, gari jeupe aina ya Pajero lilisimama chini ya ofisi, na ngazi zikapandwa na mtu mnene mwenye suti ya kijivu na kicheko cha kujaza nyumba. Alikuwa Wakili Octavian, aliyesoma na Mwakitalima pale Chuo Kikuu cha Mlimani na kulala naye chumba kimoja miaka mitatu. Evelina alimletea chai. Mlango haukufungwa, na sauti ya Octavian haikuwa ya kufichika.

"Ulimboka, mashirika ya umma yanauzwa. Viwanda, mahoteli, mashamba. Wanunuzi wanatoka Ulaya, wanatoka Afrika Kusini, na kila mkataba unataka wakili wa kuusimamia. Mimi nimezidiwa. Nataka mtu ninayemwamini. Nawe uko hapa unagombania vyungu vya mama ntilie!"

"Vimevunjwa, Octavian. Lazima apatikane wa kuvigombania."

Walicheka wote wawili, maana walipendana. Kisha Octavian alipunguza sauti. "Nasema kweli, ndugu yangu. Jumanne tunakaa nao mezani Dar. Ukija Jumanne, jina lako linaingia mlangoni pamoja na langu. Usipokuja watanitafutia mwingine."

"Jumanne nina Bi Emilia."

"Umeteuliwa na mahakama tu. Omba udhuru, watateua mwingine."

Evelina alingoja kusikia "hapana". Haikuja. Alisikia kiti kikilia, kisha sauti ya bosi wake, ya mtu aliyechoka: "Nipe mpaka Jumatatu."

Hakumlaumu. Mwakitalima alikuwa na miaka hamsini na minne, goti la kulia lilikuwa limeanza kumsumbua kwenye zile ngazi, na watoto wake wawili walikuwa wamefika vyuoni wakati ule ule serikali ilipotangaza kwamba wazazi nao wachangie gharama. Mtu aweza kuwa jabali, lakini hata jabali lina nyufa zake. Evelina aliosha vikombe huku akijiuliza yeye mwenyewe atakwenda wapi.

Jumamosi asubuhi aliketi kwenye taipureta yake kutoa nakala za ungamo la Bi Emilia kwa ajili ya mahakama. Lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko wa mkono, ukurasa mmoja na nusu. Alipiga mistari ya mwanzo, jina, umri, kijiji, akafika katikati: *Shetani alinipitia, hasira zikanipanda kupita kiasi, nikaamua kwa dhamira kamili kumtoa uhai marehemu, na sasa roho yangu inanisuta.*

Vidole vyake vilisimama. Mpiga chapa hasomi kwa macho peke yake. Vidole navyo husoma, na huwa vinakumbuka. Vilikuwa vimekwisha kupita njia hii. Shetani, hasira, dhamira, roho. Aliirudia sentensi juu ya herufi bila kuzibonyeza, akahisi mahali pale pale pa kuvuta pumzi, koma ile ile.

Aliinuka akaenda kwenye kabati la mafaili ya zamani. Ilimchukua kama saa nzima na vumbi la kutosha. Faili alilolitoa lilikuwa la mwaka 1990, la mtu aitwaye Gerson Chibago, mfugaji wa upande huo huo wa Mtera, aliyeshitakiwa kumuua jirani yake kwa rungu. Ungamo lake lilikuwemo. Evelina aliliweka kando ya lile la Bi Emilia na kuweka kidole kwenye kila karatasi, kimoja kushoto, kimoja kulia, akavishusha pamoja. Vilikwenda sawa mpaka chini. Ukiondoa majina, na mahali ambapo huku paliandikwa sumu na kule rungu, yalikuwa maneno yale yale. Koplo aliyeandika alikuwa yule yule.

Moyo wake uliruka kwa furaha. Kisha ukatua vibaya, kwa sababu alilikumbuka lile faili lenyewe. Gerson Chibago alikuwa mteja wao. Mwakitalima ndiye aliyemtetea, na alishindwa, na Gerson alihukumiwa kunyongwa.

Evelina ndiye aliyeupiga chapa utetezi ule. Aliukumbuka vizuri. Wakili hakulipinga ungamo. Alilichukua, akalishika pale penye hasira, akajenga hoja nzuri sana ya kwamba Gerson aliua kwa ghadhabu ya ghafla, si kwa kukusudia. Wanafunzi waliisifu hoja ile wiki nzima. Jaji hakuikubali.

Alikaa na yale mafaili mawili mapajani. Akiyarudisha kabatini hakuna atakayejua. Wakili angekwenda zake Dar, Bi Emilia angepata wakili mwingine, na jina la Mwakitalima lingebaki safi kama lilivyo. Evelina alilipenda jina lile kama mtu anavyopenda nyumba aliyosaidia kuijenga. Akainuka, akabisha hodi kwenye chumba cha pili.

"Mzee, naomba usome hizi mbili."

Alisoma ya kwanza. Alisoma ya pili. Akarudi kwenye ya kwanza, akaifuata mstari kwa mstari kwa kidole, kama alivyofanya Evelina.

"Aliniambia," wakili alisema. "Gerson. Nilikwenda kumwona gerezani, akaniambia kwa lugha yake, 'Sikuyasema hayo.' Nikamwambia kila mtu husema hivyo, tutafute njia nyingine. Nikajiona mjanja." Aliziweka karatasi mezani taratibu. "Neno kwa neno nilimwelewa, Mama Aneth. Wewe ulinifundisha vizuri. Nilimwelewa na sikumwamini."

"Yuko hai, Mzee. Rufani yake bado haijasikilizwa. Jina lake nililiona kwenye orodha ya mwezi uliopita."

Wakili aliinua macho. "Unajua maana ya kuitoa hii karatasi Jumanne? Jaji ataniuliza mbona haikupingwa."

"Najua."

"Na wale watoto wa vyuo watakuwa wamejaa."

"Watakuwa wamejaa," alisema Evelina.

Jumatatu saa nne simu iliita kutoka Dar es Salaam. Mwakitalima aliipokea mwenyewe, akasikiliza, akasema, "Nenda salama, Octavian. Mlango huo si wangu," akaongeza salamu kwa mke wake na wanawe, akaweka mkono wa simu mahali pake. Kisha alimwomba Evelina wateremke Mahakama Kuu wakaombe nakala iliyothibitishwa ya mwenendo wa kesi ya Gerson Chibago.

*

Jumanne mahakama ilifurika. Wanafunzi walisimama mpaka kwenye korido. Bi Emilia aliketi kizimbani akiwa amejifunga kanga aliyoletewa na Evelina, miguu yake haifiki chini vizuri.

Mara tu upande wa mashitaka ulipotaka kulitoa ungamo, Mwakitalima alisimama kulipinga. Jaji aliwaomba wazee wa baraza, wale watu watatu wanaomshauri, watoke nje, ili mahakama iamue kwanza kama karatasi ile ipokelewe ama isipokelewe. Wenyewe huiita kesi ndani ya kesi. Koplo alipanda kwenye kizimba cha mashahidi. Alikuwa mtu mzima, viatu vinang'aa, sauti kavu.

"Afande," alianza Mwakitalima, "mlizungumza lugha gani na mama huyu?"

"Kiswahili, mheshimiwa."

"Anakijua?"

"Fasaha kabisa. Anafanya biashara na watu wa kila kabila."

"Na maneno haya uliyoyaandika, ni yako au yake?"

"Yake. Mimi nilikuwa mkono tu."

"Hukumsaidia hata neno? Unajua tena, mtu mzima, amechoka..."

"Sikumsaidia. Kama alivyotamka ndivyo nilivyoandika. Neno kwa neno."

"Neno kwa neno," alirudia wakili, kama mtu aliyeridhika. Alichukua karatasi mezani, akavaa miwani. "Nikusomee kidogo, unisahihishe nikikosea. *Shetani alinipitia, hasira zikanipanda kupita kiasi, nikaamua kwa dhamira kamili kumtoa uhai marehemu, na sasa roho yangu inanisuta. Najua nimekosa mbele ya Mungu na mbele ya serikali.* Ndiyo maneno aliyokuambia?"

"Ndiyo hayo."

Wakili wa serikali alikuwa akifuatisha kwa kidole kwenye nakala yake. Alitikisa kichwa kukubali. Hapakuwa na tofauti.

"Una hakika, afande? Nisome tena?"

"Nina hakika, mheshimiwa. Nimeandika kwa mkono wangu, siwezi kuyasahau."

"Hapana, nakuamini," alisema Mwakitalima. Akavua miwani. "Mheshimiwa Jaji, karatasi niliyoisoma si ya Bi Emilia. Ni ungamo la Gerson Chibago, lililoandikwa na shahidi huyu huyu mwaka 1990, katika kesi ya mtu aliyepigwa rungu. Nakala iliyothibitishwa na mahakama hii hii ninayo hapa. Naomba ipokelewe."

Evelina alimwona koplo akishika mbao za kizimba kwa mikono miwili. Benchi la nyuma lilitoa sauti moja, kama upepo unaopita kwenye mtama. Wakili wa serikali alikuwa amesimama akipinga, lakini jaji alimwashiria aketi, akanyoosha mkono kupokea nakala. Alizilinganisha zile karatasi mbili kwa muda mrefu.

Kisha akafungua ukurasa wa mwisho, akainua uso. "Mwenendo unaonyesha kwamba ungamo hili la mwaka 1990 halikupingwa. Lilipokelewa bila pingamizi, na mshitakiwa alitiwa hatiani kwalo. Wakili aliyemtetea alikuwa nani?"

Jaji alikuwa mgeni Dodoma, hajatimiza mwaka. Aliuliza kwa kutaka kujua. Evelina aliinamisha macho kwenye mikono yake.

"Ni mimi, Mheshimiwa."

Jaji alishika kalamu.

"Mshitakiwa aliniambia hakuyasema maneno hayo," aliendelea Mwakitalima kwa sauti ile ile ya siku zote, sauti ya mtu anayeulizia njia, ila sasa ilikuwa polepole zaidi. "Sikumwamini. Nilizichukua hasira zilizoandikwa humu na mtu mwingine nikazifanya kuwa utetezi wake. Mtu yule yuko gereza la Isanga anangoja kamba. Kosa la koplo atalijibu koplo. Langu naomba liandikwe kama nilivyolisema."

Jaji aliandika. Evelina aliinua macho, akawaona wale wanafunzi waliozoea kutabasamu na kunong'ona bosi wake anapomnasa mtu. Hakuna aliyetabasamu. Msichana mmoja wa chuo cha biashara alikuwa ameacha kuandika, kalamu imesimama hewani.

Wakili wa serikali hakukata tamaa. Bi Emilia alipopanda kutoa ushahidi wake, alimwambia mkalimani anyamaze kidogo, akamgeukia mama kwa Kiswahili.

"Shikamoo mama. Kiswahili unajua?"

"Marahaba. Najua," alijibu Bi Emilia kwa fahari, na Evelina akamtupia bosi wake jicho la wasiwasi.

"Unauza nini Mtera?"

"Nauza ugali, nauza samaki. Perege iko, kambale iko. Mtu anakula, anatoa hela, anakwenda."

Wakili wa serikali alitabasamu kuelekea kwa jaji. "Kumbe unakijua vizuri sana. Sasa mama, eleza mahakama. Unasema hukuwa na dhamira yoyote dhidi ya marehemu?"

Bi Emilia alikunja uso. Alimtazama mkalimani, akamtazama jaji, akafikiri kwa bidii ya mtu mwaminifu anayetaka kujibu sawasawa.

"Dhamira simjui," alisema mwishowe. "Labda yeye alikuja na lile lori."

Kicheko kililipuka mpaka kwenye korido. Jaji hakucheka. Aliweka kalamu chini, akavua miwani yake, akajikanda macho, akamwambia wakili wa serikali, "Una swali lingine?" Wakili wa serikali akaketi.

Alhamisi jaji alilikataa ungamo, akaamuru nakala za mwenendo zipelekwe kwa wakubwa wa koplo yule. Bila ungamo upande wa mashitaka ulibaki na fomu ya zahanati yenye neno "inadhaniwa". Ijumaa asubuhi mahakama ilisema Bi Emilia hana kesi ya kujibu. Mkalimani alimwambia mara mbili kabla hajaelewa. Alipoelewa aliuliza kama basi la Mtera linaondoka saa ngapi.

*

Nje wanafunzi walipiga makofi. Mwakitalima alipita katikati yao akiitikia kwa kichwa, joho mkononi, bila kusimama. Evelina alidhani wanarudi ofisini. Kwenye njia panda wakili alishika upande wa pili.

"Twende Isanga," alisema. "Uje, Mama Aneth. Nataka uwepo."

Gerson Chibago alikuwa amekonda, na nywele zilizokuwa nyeusi miaka minne iliyopita zilikuwa na mvi masikioni. Aliketi upande wa pili wa meza, askari mlangoni. Mwakitalima alimsalimu kwa Kigogo, akamweleza yote kwa Kigogo, kuanzia karatasi mbili mpaka swali la jaji. Hakuruka kitu. Mwisho alisema, "Uliniambia kweli nikaikataa. Nimekuja kukuambia hivyo kwa mdomo wangu. Ukitaka wakili mwingine kwenye rufani nitakutafutia, na nitampa kila nilicho nacho."

Gerson aliinua uso. Alimtazama wakili, akamtazama Evelina.

"Nani aliyeziona hizo karatasi?"

"Huyu."

"Mama, wewe ni wa wapi?"

"Mvumi," alisema Evelina.

Gerson aliitikia kwa kichwa, kama kwamba hilo lilieleza jambo fulani. Kisha akamgeukia Mwakitalima. Hakukuwa na tabasamu usoni mwake, wala hasira. "Safari ile ulinieleza wewe kilichotokea kwenye kesi yangu. Safari hii nitaeleza mimi. Utaandika."

Mwakitalima alitoa kalamu. Alimsikiliza saa mbili na zaidi, akiuliza pale tu asipoelewa neno, na maneno mawili matatu ya wafugaji yalimshinda, ikabidi Evelina amsaidie. Gerson alieleza siku ile alikuwa wapi, na nani, ng'ombe gani alikuwa amepotea. Yalikuwemo majina ya watu wawili ambao hakuna aliyewahi kuwauliza. Wiki iliyofuata wakili na karani wake walikuwa tena kwenye basi la Iringa na chupa yao ya maji, kuwatafuta.

Rufani ilisikilizwa Dodoma mwaka uliofuata, majaji watatu wa Mahakama ya Rufani walipokuja kwenye kikao chao. Mwakitalima aliweka kosa lake mwenyewe kuwa sababu ya kwanza ya rufani, namba moja, juu ya nyingine zote. Evelina aliipiga chapa kwa mikono mizito. Octavian, aliyekuwa amepata mali na bado anapiga simu, alimwambia Mwakitalima kwamba hakuna wakili mwenye akili aandikaye kitu cha namna hiyo juu yake mwenyewe. Wateja hawakupungua. Waliongezeka, na wengi wao walikuja kwa sababu hiyo hiyo. Na vyuo vilipomwalika kuzungumza juu ya kesi zake kubwa, kama vilivyofanya kila mwaka mpaka alipostaafu, alianza na ile aliyoshindwa, akataja jina la Gerson kwa ukamilifu, ndipo akaendelea na nyingine.

Siku hukumu ya rufani iliposomwa na kumwachia huru, Gerson Chibago alitoka kwenye lango la Isanga saa tano asubuhi, mfuko wa nailoni mkononi. Kaka yake alikuwa amemletea makubazi mapya ya tairi. Alimpa mkono Evelina kwanza, akaushika kwa mikono miwili. Kisha akampa Mwakitalima.

"Tiketi za basi tumekwisha kata," wakili alisema. "Linaondoka saa sita. Mtafika kwenu mchana."

Gerson aliitazama barabara ya Iringa. Upepo wa Dodoma ulikuwa unasukuma vumbi jekundu juu yake, na mbali walionekana mbuzi wakivuka.

"Basi litatukuta mbele," alisema. "Miaka mitano nimetembea nikigonga ukuta. Nataka kutembea kidogo."

Kaka yake alibeba mfuko. Wakaanza. Evelina alidhani wakili atarudi kwenye kivuli, maana jua lilikuwa kali na goti lake siku ile lilikuwa bovu. Lakini Mwakitalima alivua koti, akalitupia begani, akajiunga nao, akichechemea upande wa pili wa Gerson, na baada ya hatua chache Evelina alisikia wameanza kuzungumza habari za ng'ombe. Akafunga kitambaa chake vizuri kichwani na kuwafuata.